Nachanganya duko mwenyewe kwa ajili ya gitaa la umeme, bluu inageuka kijani nikipiga kliya. Msaada wakuu

MpigaRidhimu_Tabata

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa yeyote mwenye uzoefu na rangi za kupuliza, iwe za magari, za fanicha au za gitaa lenyewe.

Nina gitaa la umeme, umbo ni la Stratocaster ila siyo Fender (ile kampuni ya gitaa ya Marekani), ni la Kichina nimelinunua kwa mtu, nikalibadilishia pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) na sasa hivi linalia vizuri kwelikweli, napigia kanisani kila Jumapili. Shida ni sura. Rangi nyeusi imebanduka kwenye kona zote na aliyekuwa nalo alibandika stika mpaka nyuma. Nataka nilipige rangi upya na rangi ninayoitaka ni moja tu, ile bluu nyepesi ya Fender za zamani wanaiita Sonic Blue. Kwa msioijua siyo bluu bahari wala bluu ya sare za shule, ni nyeupe iliyoguswa na bluu kidogo tu, ukiiweka pembeni ya karatasi nyeupe ndipo unaona kumbe ni bluu.

Makopo ya spreyi yaliyotengenezwa maalum kwa gitaa yanauzwa Marekani na Uingereza, kuyaleta kwa ndege haiwezekani kirahisi kwa sababu ni mzigo wa hatari unaowaka, kwa hiyo nimeamua nichanganye mwenyewe hapahapa Dar. Nimenunua duko (rangi ya kupuliza inayokauka haraka) nyeupe, duko bluu kopo dogo, tina, na kliya ya NC, yaani vanishi angavu ya nitroselulosi, ileile wanayotumia mafundi wa fanicha. Nikachanganya kidogo nikapuliza kwenye kipande cha MDF, rangi ikakubali, yaani ndiyo yenyewe. Nikapiga kliya mikono minne (matabaka manne) nikaacha ilale. Asubuhi natoa nje juani naona kijani! Siyo kijani cha majani lakini bluu ile haipo tena. Nikiirudisha ndani kwenye taa inakuwa afadhali, nikitoa nje kijani.

Sasa naomba kujua tatizo ni nini, ni kliya, ni bluu, au ni namna nilivyochanganya? Na nawezaje kupima hizi rangi kwa kiasi kidogo ili nikipata niweze kurudia ileile, maana sasa hivi napimia kwa kijiko na macho. Halafu kuna mtu kaniambia lazima nitoe rangi ya zamani yote mpaka mbao ionekane, ni kweli? Bodi yenyewe, kiwiliwili cha gitaa, sijaigusa bado, nafanya majaribio kwenye vibao tu.

---

FundiWaKeko

Mkuu kliya hiyo ndiyo inayokugeuza. Fungua kopo la kliya ya NC mimina kidogo kwenye glasi nyeupe uiangalie kwenye mwanga, utaona ina unjano. Mkono mmoja huuoni, ila ukipiga minne mitano ule unjano unajumlishana, na njano juu ya bluu mtoto wa chekechea anajua inazaa nini. Sisi huku Keko haitusumbui kwa sababu kazi zetu nyingi ni mninga na mkongo, pale unjano unaipamba mbao, mteja anafurahi. Ila mteja akitaka kabati jeupe au kitanda cha mtoto rangi ya maji ya bahari hatupigi NC kliya kabisa, tunajua baada ya muda atarudi analalamika.

Na kuna jambo la pili. Huo unjano wa leo ni wa mwanzo tu, NC inaendelea kuwa njano kadiri inavyokaa na kadiri inavyopigwa na jua. Kwa hiyo hata ukiirekebisha leo ikakaa sawa, miaka ijayo itasogea tena.

Ushauri wangu, rangi piga duko hiyohiyo ya NC kwa sababu inakauka haraka na mkono mpya unayeyuka kidogo na kushikana na wa chini, ukikosea ni rahisi kurekebisha. Ila juu weka kliya ya akriliki, haina unjano. Jaribu kwanza kwenye kibao siku kadhaa, kwa sababu kliya ngeni juu ya duko ambayo haijakauka vizuri inaweza kupasukapasuka nyufa ndogondogo, na ukizipata hizo kwenye bodi ni kusugua upya kila kitu.

Kuna watakaokwambia upige kliya ya 2K ya magari, ile inayochanganywa na hadina ya kuigandisha. Inang'aa, ni ngumu, haibadiliki rangi kirahisi, sikatai. Lakini hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, ile siyo ya kupuliza uani kwako watoto wanacheza na wewe umefunga kitambaa puani. Wanaojali afya zao wanaipiga ndani ya chumba cha rangi wakiwa na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Pumu inayoletwa na ile kitu haiondoki. Mimi kwa mtu anayefanya kazi nyumbani siishauri hata kidogo.

---

MchanganyajiRangi_Ilala

Naongezea hapo kwa fundi. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuchanganya rangi za magari na nakwambia kliya ni nusu ya tatizo lako, nusu nyingine ni bluu uliyonunua.

Bluu za kuchanganyia zipo zinazoelekea kijani na zipo zinazoelekea zambarau. Inayoelekea kijani ndiyo imejaa madukani kwa sababu ina nguvu sana, kidogo tu kinapaka kopo zima. Kwenye kopo zote mbili unaziona ni nyeusinyeusi tu huwezi kuzitofautisha. Chukua nyeupe kijiko kimoja, weka bluu tone moja, koroga, paka kwenye karatasi utoke nayo nje, hapo ndipo inajitaja. Naamini yako ni ile ya kijani, umeifunika na kliya ya njano, basi zimesaidiana. Rudi dukani waombe bluu inayoelekea zambarau, wachanganyaji wanaielewa hiyo lugha.

Sasa kupima. Achana na kijiko. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali, zile za kupimia dhahabu zinazosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu au chini zaidi, Kariakoo zipo. Pima rangi kabla hujaweka tina, kwa sababu tina inaruka hewani na kila dakika uzito unabadilika. Na usiwahi kuweka bluu kali moja kwa moja kwenye nyeupe yako yote. Tengeneza kwanza kitu sisi tunakiita mama, gramu 90 za nyeupe na gramu 10 za bluu, koroga sana, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Sasa ukiongeza gramu moja ya mama umeongeza sehemu ya kumi tu ya gramu ya bluu, hapo una usukani mkononi. Kwa Sonic Blue chukua gramu 200 za nyeupe uanze na gramu 5 za mama, halafu ongeza mbili mbili huku unaandika kila ulichoweka na tarehe, kwenye daftari siyo kwenye kichwa. Hizo gramu ni za kuanzia kwa sababu kila kampuni bluu yake ina nguvu zake.

Kama huna mizani, duka la dawa nunua bomba la sindano la mil 5, toa sindano, pimia mama kwa hilo. Lioshe na tina papo hapo maana kile kiraba cha ndani kinavimba na baada ya muda bomba halisogei.

Hapa ndipo penye siri yenyewe, nisome taratibu. Rangi ya kwenye kopo siyo rangi ya gitaa. Rangi ya kwenye kibao bila kliya nayo siyo rangi ya gitaa. Rangi ya gitaa ni ile iliyo chini ya kliya yote, idadi ileile ya mikono utakayopiga kwenye bodi. Kwa hiyo kama umeamua kubaki na NC kliya inabidi uichanganye bluu ukijua njano inakuja juu yake. Tengeneza mama ya pili, nyeupe na zambarau kidogo sana, uongeze tone baada ya tone mpaka bluu yako ianze kuonekana imeelemea zambarau, kiasi kwamba ukiiangalia unasema hapana hii siyo. Piga kliya. Zambarau na njano zinauana, kinachobaki machoni ni bluu. Ukizidisha zambarau itakuwa na ujivujivu, hapo rudi nyuma. Na usitumie nyeusi kuipoza, nyeusi ikikutana na njano ya kliya inatoa kijani cha ajabu.

Kibao chako kigawe. Upande mmoja acha rangi tupu, upande wa pili kliya kamili, ubandike karatasi nyuma yenye gramu zake. Uangalie saa sita juani, uangalie kivulini, uangalie kwenye taa ya chumbani na ya kanisani kama unaweza. Ulichokiona cha ndani afadhali na nje kijani ni kweli, taa nyingine zenyewe zina rangi yake, sisi hatumkabidhi mteja gari bila kulitoa nje.

Watu wengine wanalowanisha kibao kwa maji ili waone rangi itakavyokolea chini ya kliya. Inasaidia kuona ukolevu kwa sababu duko ikikauka bila kliya inakuwa na weupeweupe. Lakini maji hayana unjano, kwa hiyo kwa kesi yako maji yatakudanganya.

---

DogoMbagala

Samahani wakuu naomba kuuliza humuhumu, mimi nataka nyekundu ile ya kuona mbao kwa ndani, nimeona rangi za unga za kupaka ukili wa mikeka zinauzwa Kariakoo bei rahisi, zinayeyuka kwenye spiriti, je zinaweza kuingia kwenye kliya? Na huyo mkuu wa bluu hawezi kutumia bluu ya kufulia maana ile inaelekea zambarau kabisa?

---

MchanganyajiRangi_Ilala

@DogoMbagala maswali mazuri. Rangi za ukili nyingi zinayeyuka kwenye spiriti ni kweli, na zinatoa rangi tamu sana siku ya kwanza. Ila hazivumilii jua. Mkeka uliokaa barazani unaujua unavyokuwa, upande wa juu umepauka na ukiugeuza chini bado unawaka. Gitaa litakuwa hivyohivyo. Tafuta steini ya mbao iliyoandikwa inavumilia mwanga, ukitaka kuitia kwenye kliya hakikisha ni ile inayokubali tina, ujaribu tone kwenye kijiko cha kliya kwanza.

Bluu ya kufulia hapana. Ya unga ina vitu vingine vya kujazia na haijasagwa kwa ajili ya rangi ya kupuliza. Unga wowote, hata oksaidi nyekundu ya sakafu, ukiutia tu kwenye duko ukakoroga utapata chengachenga zinazoziba gani (bunduki ya kupulizia rangi) na zinazoonekana kwenye bodi. Unga lazima usagwe ndani ya rangi kwenye kioo bapa kwa muda mrefu mpaka ukipitisha kidole husikii mchanga, na hata hapo chuja kwa stokingi ya nailoni mara mbili. Kazi ipo lakini mashaka ni mengi, kopo dogo la duko limeshasagwa kiwandani kwa nini uteseke.

Na zile tinta za chupa ndogo za kukolezea rangi za ukutani msiziguse, nyingi zina maji. Ukitia kwenye NC inakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu na kopo lote limekwenda.

---

MzeeWaSolo

Vijana hongereni kwa mjadala, niongezee historia kidogo kwa sababu hapa inaingia kazini moja kwa moja.

Hizo rangi za Fender hazikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Kule California walikuwa wananunua rangi za magari za DuPont. Duco ilikuwa nitroselulosi, Lucite ilikuwa akriliki. Sonic Blue ni rangi ya Cadillac ya 1956, namba yake ya DuPont ni 2295. Fiesta Red ilitoka kwenye Ford Thunderbird ya mwaka huohuo 1956, na Lake Placid Blue ni Cadillac ya 1958. Mteja aliyetaka rangi hizo badala ya ile ya kawaida ya kahawia yenye kingo nyeusi aliongeza asilimia 5 ya bei. Kwa hiyo kijana wetu anapokwenda kwa mchanganyaji wa rangi za magari hajapotea njia, yuko palepale zilikoanzia. Mpe hiyo namba na jina la gari na mwaka, akikuta fomula kwenye kompyuta yake mmeokoa siku nyingi, asipoikuta mtaendelea na daftari.

Lakini kuna jambo nataka ulifikirie kabla hujatia zambarau. Juu ya nyingi ya zile bluu walipiga kliya ya nitro na kliya ile imekaa miaka sitini. Olympic White nyingi unazoziona kwenye picha leo ni krimu kabisa, zilitoka kiwandani nyeupe. Na Sonic Blue nyingi za zamani ukizitazama vizuri zina ukijani, ukifungua pikigadi (ile plastiki bapa ya mbele) chini yake ambako jua halikufika unakuta bluu nyingine safi. Miaka ambayo bendi ya NUTA Jazz inaanzishwa hapa Dar, 1964, gitaa za rangi hiyo zilikuwa zinatoka kiwandani zikiwa bluu ya maziwa. Sasa wewe picha uliyoipenda ni ya gitaa jipya au la zamani? Kama ni la zamani basi kibao chako ulichokiona kijani huenda ndicho kilicho karibu zaidi na picha. Usikitupe, kiweke pembeni ya picha juani ukilinganishe.

---

DadaBesi

Mambo zenu. Mimi nimelipiga rangi besi langu mwenyewe kwa hiyo najibu lile swali la kutoa rangi ya zamani maana naona limerukwa.

Siyo lazima ufike kwenye mbao, tena kwa gitaa za Kichina nakusihi usifike. Kwanza jua juu yake kuna nini. Chukua pamba yenye tina, sugua ndani ya lile shimo la pikapu au chini ya pikigadi ambako hakuonekani. Rangi ikilainika na kutoka kwenye pamba ni jamii ya duko, ikikaa kimya haijali chochote basi huenda ni poliesta, na gitaa nyingi za kiwandani za siku hizi ni poliesta. Ile ni nene na ngumu sana, tina haiigusi, watu wanahangaika na moto wa hita wanaunguza mbao na kuvuta moshi mchafu. Ya nini? Iache iwe ndiyo msingi wako, imeshaziba vinyweleo vyote vya mbao na imenyooka.

Unachofanya ni kuiondolea mng'ao. Kabla ya msasa ondoa stika na gundi yake kwa petroli kidogo nje ya nyumba, futa, osha na maji ya sabuni, kausha. Hii hatua usiiruke, kama mtu aliwahi kulipaka polishi ya dashibodi au polishi yoyote yenye silikoni halafu ukaanza na msasa unaisukumia ndani, ukipuliza rangi inakimbia inaacha vishimo vya duara kila mahali. Halafu msasa 320 wote, kila sehemu iwe kavu haina mng'ao, kwenye kona nenda polepole. Palipobanduka jaza puti nyembamba au supaglu kidogo kidogo, sugua mpaka ukipitisha kucha haikwami. Piga praima nyeupe inayokubaliana na duko. Nyeupe jamani, siyo ya kijivu, hiyo bluu ni nyepesi sana na kilicho chini kinaonekana. Na hakikisha kwenye bodi hakuna rangi ya mafuta popote, duko juu ya rangi ya mafuta inakunjamana yote.

Vitu vidogo ambavyo mtu hakwambii. Piga picha waya zote kabla hujachomoa, hasa ule waya wa ethi unaokwenda kwenye briji, ukiusahau gitaa litavuma. Lile tundu linapokaa shingo liwekee tepu, rangi ikijaa mle shingo haiingii au ukiilazimisha rangi inapasuka pembeni. Matundu ya skrubu yapanue mdomo kidogo kwa ncha ya drili kubwa kwa mkono, bila hivyo ukirudisha skrubu inanyanyua rangi mpya. Na tengeneza mpini, ubao mrefu uliofungwa kwa skrubu palepale pa shingo, unaushika huo unageuza bodi utakavyo bila kuigusa, ukimaliza unauning'iniza.

---

MpigaRidhimu_Tabata

Aisee wakuu mmenipa shule, nashukuru sana kila mmoja.

Nimerudi na majibu. Pamba ya tina haikutoa chochote kwa hiyo huenda ni poliesta, naiacha. Nilikwenda kwa mchanganyaji wa rangi za magari na ile namba, hakuikuta, lakini nilipomwambia nataka bluu inayoelekea zambarau alinielewa palepale akanipimia. Nimetengeneza mama mbili kama nilivyoelekezwa na nimepanga vibao vyangu ukutani kila kimoja na gramu zake nyuma. Kimoja bila kliya kinaonekana kabisa kina zambarau, mke wangu akaniuliza hii ndiyo bluu yako? Nilipopiga kliya kwenye nusu yake ikarudi bluu, nimetoka nayo nje saa sita, bado bluu. Mzee wangu umenifikirisha, nimelinganisha na picha na nimeamua nataka ile ya siku lilipotoka kiwandani, ikizeeka izeeke na mimi.

Sasa kilichobaki. Kibao kimoja nilikipuliza jioni baada ya mvua, kliya ikakauka na ukungu mweupe juu, inaonekana kuna moshi ndani ya rangi. Hiyo ni nini na kwenye bodi naikwepaje? Na barakoa zile za bluu za hospitali zinatosha?

---

FundiWaKeko

Huo ni unyevu mkuu. Tina inaporuka inapoza uso wa rangi, hewa ya pwani imejaa maji, maji yanatua juu ya rangi kabla haijafunga na yanabaki humo. Dar masika hii ni ugonjwa wetu wa kila siku. Uzuri NC inasamehe, kesho kukiwa na jua pulizia tina ya kuchelewesha peke yake, nyembamba sana, mkono mmoja kwa mbali, rangi inafunguka, maji yanatoka, ukungu unaondoka. Maduka ya rangi za magari wanaiita ritada. Unaweza pia kuitia kidogo kwenye mchanganyiko, sehemu moja kwa kumi ya tina, ila ukizidisha rangi haikauki na inachuruzika.

Dawa hasa ni muda. Usipulize asubuhi na umande wala jioni, puliza kuanzia saa tano mpaka saa tisa siku yenye jua, bodi iwe imekaa nje kivulini ishike joto la hewa. Kama huna haraka subiri Juni upepo wa kusi ukiwa umeshika, hewa inakuwa kavu kidogo, sisi kazi zetu za kung'aa sana tunazipenda miezi hiyo. Na kompresa yako itoe maji chini ya tangi kila asubuhi, uweke na kichujio cha maji kwenye mpira, vinginevyo unaitafutia rangi maji mwenyewe.

Uzito wa rangi, anza duko moja kwa tina moja, uchuje, mikono myembamba mitatu kwa siku, saa moja hadi mbili katikati. Nyeupe ni nzito inatuama chini, koroga kila unapojaza gani la sivyo mwisho wa bodi utakuwa bluu zaidi ya mwanzo, na mchanganyiko wa bodi nzima uwe wa kopo moja, usichanganye nusu leo nusu kesho.

Barakoa ya hospitali haizuii mvuke wa tina hata kidogo, inazuia vumbi kiasi. Nunua ile ya raba yenye vichujio viwili vya mkaa pembeni, ukianza kusikia harufu ya tina ndani yake badilisha vichujio. Miwani pia. Na tafadhali hakikisha karibu hakuna jiko la mkaa, sigara wala swichi ya kuwashawasha, mvuke wa tina unatambaa chini unaenda kuutafuta moto ulipo, na vumbi la NC lililokauka sakafuni nalo linawaka vibaya, lilowanishe na maji ndipo ufagie.

---

DadaBesi

Na ukimaliza mkono wa mwisho ndugu yangu, itundike uende zako. Ukiigusa siku ya pili utaona imekauka, haijakauka. NC inaendelea kutoa tina kwa wiki nyingi, inanywea taratibu inashuka. Acha wiki tatu nne kabla ya msasa wa maji, pua iwe kipimo chako, ukiinusa karibu ukasikia tina bado. Halafu 800 kwa uangalifu kama kuna mabonde, 1000, 1500, 2000, tone la sabuni kwenye maji, usibonyeze kwenye kingo maana hapo kliya ni nyembamba na ukivuka unaigusa bluu, umalizie na kompaundi ya magari kwa kitambaa laini.

Rangi iliyobaki iweke kwenye chupa ndogo ya kioo ijae mpaka juu, uandike gramu zake kwenye lebo, utaihitaji siku gitaa likigonga spika.

Kitu cha mwisho, stendi ya gitaa. Ile raba nyeusi ya stendi inakula NC, ukiliacha gitaa hapo wiki linatoka na alama iliyoyeyuka mgongoni na haifutiki. Zifunge raba zote na kitambaa cha pamba, khanga ya zamani inafaa, na hapo kanisani angalia na stendi yao.